Choya iliyopauka ikaishinda nyekundu: kisa cha kipimo kilichotuzungusha wiki tatu

Ngoja niandike hiki kisa chote kwa mpigo maana nishaulizwa swali linalofanana na watu kama watatu hivi, kila mtu anapima mmea wa rangi kali, namba zinakuja kichwa chini miguu juu alafu anaanza kuilaumu mashine. Na sisi tuliilaumu mashine. Tuliilaumu vizuri tu, wiki nzima.

Ilianzaje. Kuna mama mmoja Dodoma anauza choya kavu soko la Majengo, wengine mnaiita rozela, Wasudani karkade, Wasenegali bissap, Wanaijeria zobo, ni mmea uleule mmoja Hibiscus sabdariffa. Na kile kinachokaushwa wala sio ua, watu wengi wanakosea hapo, ni yale magamba mekundu manene yanayolikumbatia tunda ua likishadondoka. Sasa huyu mama ana anika mbili. Ingine anatandaza juu ya bati juani, siku mbili tatu imekauka kwishaa, ingine anaanika kwenye chanja ndani ya kibanda, inachukua wiki na zaidi lakini inabaki nyekundu ile ya kuiva kabisa, ukiishika vidole vinabaki na rangi. Ya juani inapauka, inakuwa kama kahawia kahawia hivi. Ya kivulini anaiuza bei juu na wateja hawabishi, kwa sababu mteja wa choya anajua kitu kimoja tu: nyekundu inaongeza damu.

Mama akawa ameona pakiti moja ya nje imeandikwa ina antioksidanti nyingi, yaani vitu vinavyozima radikali huru, zile molekuli korofi zinazoharibu seli, na ye akataka yake iandikwe hivyo hivyo. Akamuuliza kijana wa jirani yake anayesoma kemia mwaka wa tatu, na yule dogo alikuwa anatafuta kichwa cha utafiti wa kumalizia chuo, bas wakakutana njiani. Mi ni fundi sanifu wa maabara, kwa hiyo dogo akanitua mezani mifuko miwili ya kilo moja moja, mmoja kaandika JUA mwingine KIVULI kwa makapeni, akasema kaka hii ni kazi ya siku tatu. Nikacheka. Nikamwambia sawa.

Kipimo tulichochagua ni DPPH, na kwa anayeanza wala sio chaguo baya, ni rahisi na hakitaki vyombo vya ajabu. DPPH ni unga mweusi mweusi, ni radikali huru isiyo na haraka, yaani radikali nyingi zinaishi chini ya sekunde lakini hii unaipima kwenye mizani inakaa imetulia kabisa. Ukiiyeyusha kwenye methanoli inatoa zambarau iliyokolea. Ikikutana na kitu cha kuipa elektroni au haidrojeni inakufa, na ikifa zambarau inageuka njano. Mtu wa kwanza kuitumia hivi ni Blois, alichapisha kwenye jarida la Nature mwaka 1958, na mpaka leo wazo ni lilelile: zambarau imepungua kiasi gani, mashine inapima mwanga uliomezwa kwenye nanomita 517, ambao ni mwanga wa kijani, unapiga asilimia. Kontroli, yaani DPPH isiyotiwa mmea, toa sampuli, gawa kwa kontroli, zidisha mia.

Maandalizi nayapitia haraka. Gramu 10 za unga, mililita 100 za methanoli ya asilimia 80, kwenye kitikisio saa 24, ukachuja, ukaikausha kwa shinikizo la chini nyuzi 40 usipitilize maana rangi ya choya haipendi moto. DPPH miligramu 3.94 kwenye mililita 100 za methanoli, hapo unapata milimola 0.1 kwa lita. Kwenye kyuveti, kile kichupa kidogo kinachoingia kwenye mashine, tunaweka mililita 3 za DPPH na 1 ya dondoo, yaani ile choya iliyochujwa, dakika 30 gizani, unasoma. Viwango vya dondoo tulipanga kuanzia mikrogramu 25 kwa mililita mpaka 800, tukiongeza mara mbili mbili.

Siku ya kwanza majibu yakaja hivi. Kontroli 0.842, vizuri. Choya ya juani inapanda kama mtoto mwenye adabu, kwenye 800 imefika asilimia 70. Ya kivulini, ile nyekundu, ile ya bei juu, ikapanda mpaka 60 kwenye kiwango cha 200, kwenye 400 ikabaki palepale 60, alafu kwenye 800 ikashuka ikawa 44. Ikashuka! Umeongeza dawa mara mbili, kazi imepungua. Dogo akaniangalia. Nikamwambia rudia.

Akarudia, palepale.

Sasa hapa ndo tulipoanza kupotea. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa DPPH yenyewe, na kwa kweli tulimkuta na hatia, ila ya kesi nyingine. Dogo alikuwa kaacha chupa mezani jirani na dirisha, asubuhi kontroli inasoma 0.842, saa tisa mchana chupa ileile inasoma 0.61. Mwanga unaiua taratibu, kwa hiyo sampuli za mchana zilikuwa zinalinganishwa na kontroli ya asubuhi ambayo haipo tena. Nikamwambia dogo funga chupa kwa foili, tengeneza mpya kila siku, na kontroli usome kila baada ya sampuli chache sio mara moja kwa siku. Akafanya yote hayo, data zikatulia sana, na choya nyekundu ikaendelea kushuka kwenye 800 kama kawaida yake.

Mtuhumiwa wa pili mashine. Taa imechoka, si mnajua mashine zetu hizi. Ila kuna njia ya kuiuliza mashine bila kumwita fundi: mpe vitamini C. Molekuli moja ya vitamini C inazima molekuli mbili za DPPH, hesabu inajulikana, na kwenye mchanganyiko wetu DPPH imebaki milimola 0.075 kwa lita baada ya kuchanganywa, kwa hiyo ili nusu yake ife unahitaji vitamini C kama mikrogramu 3.3 kwa mililita. Sisi tukapata 3.8. Kwa mashine ya umri ule hiyo ni heshima. Mashine ikaachiwa huru, DPPH ikaachiwa huru, mikono ya dogo nayo ikaachiwa huru. Ikabaki choya peke yake kizimbani, na dogo alishaanza kuandika sentensi kwenye ripoti kwamba kukausha juani kunaongeza nguvu ya antioksidanti. Kaiandika kabisa na sababu kaitafuta, eti joto linapasua kuta za seli na kuachia fenoli, zile kemikali za mmea zinazofanya kazi ya antioksidanti, jambo ambalo kwa mimea mingine ni hoja inayozungumzika. Hilo ndo linalonitishaga kwenye kazi hizi, namba mbovu haikosi maelezo mazuri.

Kilichotuokoa ni kipimo kingine ambacho tulikuwa tunafanya kwa kujaza tu jedwali, kile cha Folin-Ciocalteu cha kupima jumla ya fenoli. Kile kinatoa rangi ya bluu na kinasomwa mbali kabisa, nanomita 765. Na huko ikatoka kinyume: kivuli juu, jua chini, kila mara. Sasa vipimo viwili, mfuko uleule, siku ileile, kimoja kinasema A kingine kinasema B. Folin nayo sio malaika, inadanganywa na vitamini C, inadanganywa na sukari za aina fulani, kwa hiyo sikusema Folin ndo mkweli. Ila ugomvi wao ulinifanya niache kuangalia karatasi nikaangalie kyuveti.

Ikabidi nizitoe zile za 800 nizipange kwenye dirisha. Hebu mfikirie mwenyewe. Vitamini C iliyofanya kazi yake: njano, kama maji ya nanasi. Choya ya jua kwenye 800: njano yenye wekundu kidogo, kama chai ya rangi iliyozidi maji. Choya ya kivuli kwenye 800: nyekundu. Nyekundu ya juisi kabisa ile ya kwenye jagi la harusi. Zambarau haipo, imeshakufa yote, lakini kyuveti ina rangi vilevile, na mashine haina macho ya kujua hii rangi ni ya nani. Mashine inajua mwanga wa kijani wa 517 umepita kiasi gani, basi. Zambarau ya DPPH inameza mwanga wa kijani. Wekundu wa choya, zile anthosianini zake, delfinidini na sianidini zilizobeba sukari, zinameza mwanga karibu na 520. Nanomita tatu tu kati yao! Ni kama umemweka mlinzi getini ahesabu wezi waliovaa shati jekundu, alafu na askari wenyewe ukawavalisha mashati mekundu.

Kwa hiyo kadiri unavyoongeza choya, wezi wanapungua na askari wanaongezeka, na kwenye kiwango fulani askari wanaanza kuwazidi wezi waliokufa, asilimia inaonekana inashuka. Ya juani haikuwa na shida hiyo kwa sababu rangi yake ilishakufa juu ya bati kabla haijafika kwetu. Yaani ilishinda kwa kuwa imepauka.

Dawa yake wala sio ngumu, na inauma kwa sababu imo kwenye mwongozo mwingi tu wa maabara, watu tunairuka kwa uvivu. Inaitwa blanki ya sampuli. Kwa kila kiwango unatengeneza kyuveti ya pili, dondoo ileile 1 lakini badala ya DPPH unaweka methanoli tupu 3, unasoma, unaitoa kwenye namba ya kwanza. Kwa kila kiwango nasema, sio moja kwa wote. Tulipofanya, blanki ya choya ya kivuli ikasoma 0.10 kwenye 200, 0.195 kwenye 400, na 0.39 kwenye 800. Angalia hiyo ngazi, ukizidisha dondoo mara mbili na rangi inazidi mara mbili, imenyooka, hapo ndo nilijua tumemkamata. Kwenye 800 usomaji mzima ulikuwa 0.47, kwa hiyo 0.39 ilikuwa ni juisi na DPPH iliyobaki hai ni 0.08 tu. Piga hesabu upya: sio asilimia 44, ni 90. Ya jua kwenye 800 ilikuwa 0.25, blanki yake 0.11, kutoka 70 ikapanda 83. Mchezo ukageuka kabisa, na kiwango cha kuua nusu ya DPPH kikawa karibu mikrogramu 90 kwa mililita kwa kivuli na 120 kwa jua. Hapo kumbuka ndogo ndo kali zaidi, wengi wanasoma kinyume.

Dogo akafurahi, akafuta ile sentensi. Akataka tufunge kazi. Mi nikawa na mawazo mawili, na hapa wale mnaofanya kazi hii mnisikilize.

La kwanza, hiyo blanki nayo ina uongo kidogo ndani yake. Anthosianini ndo hizo hizo zinazopigana na DPPH, na ikishapigana nyingine inapoteza rangi. Sasa we umetoa rangi ya anthosianini zote kama vile zote bado zipo, wakati baadhi zimeshakufa vitani, kwa hiyo umetoa kupita kiasi na asilimia yako imependezeshwa. Ndo maana sikutaka kuegemea 517 peke yake. Tukafanya ABTS, kipimo kingine cha kuzima radikali ya rangi, ambayo unaichanganya na pasulfeti ya potasiamu usiku mzima, saa 12 mpaka 16, asubuhi unapata bluu kijani unayoipunguza makali mpaka isome 0.70, na inasomwa 734. Huko wekundu wa choya haufiki. Kivuli ikashinda tena, na tofauti ikawa ndogo kuliko ile ya DPPH iliyosahihishwa, kama nilivyohisi. Folin na ABTS zimekubaliana, DPPH iliyovuliwa rangi imekubaliana, bas hapo nalala.

La pili ni zito zaidi na dogo alilikasirikia. Jedwali lake lilikuwa na kile kitu cha jumlisha toa, marudio matatu, linaonekana la kisomi. Nikamuuliza hayo marudio matatu ni ya nini. Akasema kyuveti tatu. Za dondoo ngapi? Moja. Kutoka mifuko mingapi? Mmoja wa jua, mmoja wa kivuli. Kwa hiyo alichopima mara tatu ni mkono wake na mashine yangu, sio choya. Mfuko wa JUA ukiwa umetoka shamba lingine, au umevunwa wiki mbili baadaye, au ulilowa na mvua kwenye bati usiku mmoja, tofauti yote inaweza kuwa hiyo na jua lisihusike hata. Tukampigia mama. Akasema mwanangu hiyo ya bati nilinunua Kondoa, ya kibandani ndo ya shambani kwangu.

Ukimya.

Kwa hiyo mpaka hapo tulichokuwa nacho ni kwamba mfuko mmoja ulikuwa mkali kuliko mfuko mwingine. Ripoti ikaandikwa hivyo hivyo, msimamizi wa dogo akanung'unika kwamba matokeo ni madogo, lakini siku ya utetezi swali la kwanza kutoka kwa mtahini lilikuwa, je mliitoa rangi ya sampuli? Dogo akajibu na jedwali lake la blanki. Nilikuwa nimekaa nyuma, nilitamani kupiga vigelegele.

Sasa mama. Mama alikuwa anasubiri maneno ya kuandika kwenye pakiti, na hiki ndo kipande kigumu kuliko vyote kwa sababu huwezi kumwambia mtu mzima anayekukaribisha choya ya tangawizi kwamba subira yake imezaa kyuveti. Tulimwendea sokoni, shikamoo, marahaba, akatupa vigoda. Akauliza, kwa hiyo ina hizo antioksidanti au haina? Ina mama. Nyingi? Kwenye kichupa, ndiyo. Akasema kichupa gani.

Nikajaribu hivi. Mama, kwenye kichupa tumeweka choya na sumu ya zambarau ambayo ndani ya mtu haipo, tena ndani ya methanoli ambayo mtu hanywi. Tumeona choya inaua ile zambarau. Lakini ukinywa, ile rangi inapita tumboni, inavunjwa vunjwa, kinachoingia kwenye damu kama kilivyo ni kidogo sana. Wamarekani walikuwa na jedwali kubwa la serikali la vyakula na alama zao za antioksidanti, idara yao ya kilimo ikalitoa mwaka 2012, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wanazitumia zile alama kuuzia watu wakati hazisemi chochote cha uhakika kuhusu mwili. Na kuna kisa cha Finland ambacho sikumwambia mama ila nawaambia nyie: wavuta sigara wanaume 29,133, majibu yalitoka 1994, waliopewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti yenye sifa zote, saratani ya mapafu iliongezeka kwao kwa asilimia 18. Iliongezeka. Kichupa kilikuwa kimesema vizuri tu.

Akauliza na damu je? Nikamwambia mama wekundu wa choya na wekundu wa damu hawajuani. Damu ni chuma, choya ni rangi ya mmea. Uchachu wake na vitamini C vinaweza kukisaidia chuma cha mboga kiingie, ila polifenoli zilezile tunazozisifia zinakizuia, kwa hiyo mjamzito mwenye upungufu wa damu aende kliniki, asije kwenye jagi. Hapo alinyamaza kidogo, maana nusu ya wateja wake ndo hao.

Kwa haki lazima niseme choya sio maji ya rangi tu. Chuo Kikuu cha Tufts kule Marekani walifanya jaribio kwa watu 65 wenye presha iliyoanza kupanda, wakachapisha 2010, wiki sita vikombe vitatu kwa siku, ile namba ya juu ya presha ilishuka kwa 7.2 dhidi ya 1.3 kwa waliokunywa kinywaji cha kuigiza. Hicho ni kipimo juu ya watu, kina thamani kuliko kyuveti zangu zote za mwaka ule. Na ndo sababu ileile mtu aliye kwenye vidonge vya presha asinywe majagi bila kumwambia daktari wake.

Kuhusu pakiti, chakula kilichofungashwa siku hizi kinasimamiwa na TBS, shirika la viwango, tangu 2019 kilipotolewa kwenye mamlaka ya dawa, na ukiandika kinatibu umeshahama chakula umeingia tiba asili, hiyo ina baraza lake kwa sheria ya 2002. Mama hakutaka kuhama. Mwisho pakiti ikaandikwa choya kavu, imekaushwa kivulini, jina la kijiji, na mwezi wa kuvuna. Tarehe ya kuvuna lilikuwa wazo lake mwenyewe, alisema kama nyie mmeshindwa kujua ya lini, mteja atajuaje.

Alafu akauliza, kwa hiyo niendelee kuanika kivulini? Nikamwambia endelea mama, ila msimu huu tupe kitu kingine. Akatupa. Choya ya shamba moja, imevunwa siku moja, kila debe amelikata nusu kwa nusu, nusu bati nusu chanja, madebe matano. Mifuko kumi ipo kwenye kabati langu sasa hivi, dogo ameshaajiriwa kwingine lakini kaniahidi Jumamosi anakuja, na chupa ya DPPH nimeshaifunga foili mara mbili.